Mwaka Tuliokula Ndiga

Simu iliita nikiwa napepeta mbaazi uani kwangu hapa Nachingwea, na kwa kuwa namba ilikuwa ngeni niliiacha iite mpaka ichoke. Watu wa namba ngeni siku hizi wanakuambia umeshinda gari. Ilipoita mara ya tatu nikapokea kwa ukali, "Nani wewe?" Sauti ya mwanamke mtu mzima ikajibu kwa upole, "Dada Somoe, mimi Zaituni. Zaituni wa Mama Atija, yule wa Naipingo. Mama ametutoka juzi, huku Nanganga. Namba yako nimepewa na binti mmoja wa sokoni hapo kwenu." Nikakaa chini palepale, ungo mapajani, mbaazi zikamwagika nisijali. Kwa miaka karibu arobaini nilikuwa nalisubiri jina lile na kulikimbia, na Nanganga si Ulaya. Ukitoka Nachingwea asubuhi, adhuhuri umeshafika na umeshakaribishwa chakula. Sikuwahi kwenda. Mwanzo nilikuwa na watoto wadogo, kisha nikawa na mume mgonjwa, kisha nikawa na miguu mibovu. Mtu akitaka sababu hazikosi. Kesho yake nikavaa kanga mbili, nikapanda gari.

Sitaeleza hapa nilizaliwa na nani wala kwa nini nililelewa na bibi, hayo yana mahali pake. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na minane, nimeshaposwa na kijana fundi cherehani wa Marambo, na nilikuwa naishi na Bibi Esha katika nyumba ya vyumba viwili kijijini Naipingo. Chumba cha kwanza kilikuwa cha bibi na mitungi yake. Cha pili kilikuwa changu na panya. Jiko lilikuwa kibanda cha nyuma, kimefungwa kwa fito na kukandikwa nusu tu, kwa sababu aliyekuwa anakikandika alikwenda kwenye mazishi Ruangwa akaoa hukohuko. Kupitia ile nusu isiyokandikwa tulikuwa tunasikia kila neno la jirani yetu Mama Issa, naye anasikia yetu, na nadhani nyumba zote mbili zilifaidi. Bibi alikuwa mtu wa maneno. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na babu alikuwa amekufa zamani, kwa hiyo tulikuwa tunagombania marehemu. "Mke mwenzangu," ataniambia asubuhi, "jana kaja kwangu ndotoni, kwako hakupita?"

Mwaka ule mvua zilikatika Februari. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, mtama ukafuata, na ilipofika miezi ya kiangazi, ambapo kwa kawaida watu hushiba na kuanza kusema habari za ngoma na unyago, kijiji kilikuwa kimya. Nakumbuka mambo madogo kuliko njaa yenyewe. Nakumbuka watu walivyoanza kulia chakula ndani. Kwetu sisi mtu alikuwa akila barazani, na anayepita hukaribishwa hata kama kilichobaki ni ukoko. Mwaka ule milango ilifungwa mchana. Ukipita unasikia mwiko unakwangua sufuria, ukipiga hodi mwiko unanyamaza. Watu waliosali safu moja walianza kupelelezana moshi. Mama Issa alimwambia mumewe usiku mmoja, nasi tunasikia, kwamba Bibi Esha ana gunia la mtama chini ya kitanda, na bibi akamjibu kupitia fito, "Njoo ulale juu yake basi, mgongo wangu umechoka!" Tulicheka, lakini gunia lilikuwepo kweli, robo yake, na hatukumpa.

Katika hali hiyo ndipo akaja Atija. Alitoka ng'ambo ya Ruvuma, akikimbia vita vya huko, na alikuwa na mtoto wa miaka sita mgongoni ambaye alikuwa mkubwa mno kubebwa. Alikuwa Mmakua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotea njiani, na mwanzoni alikuwa akisema polepole, anachagua neno kama mtu anayechagua kokoto kwenye mchele. Alipiga hodi nyumba ya kwanza, wakamwambia mwenye nyumba hayupo, na aliyesema hivyo ndiye mwenye nyumba. Ya pili walimpa maji. Ya tatu ilikuwa ya Mama Issa, ambaye alimwambia hapa kijiji kimejaa, aende mjini kuna serikali. Na nusu ya kijiji chetu, akina Mama Issa wakiwamo, mababu zao walivuka mto uleule wakiwa na vifurushi vilevile. Bibi alikuwa ameketi barazani anasuka ukili, amesikia yote. Akapaza sauti ili jirani asikose: "Wewe mama! Njoo huku. Ntoto nkubwa hivyo unambeba, utavunja kiuno. Huku kwangu kuna nkeka." Ningependa kuandika kwamba bibi alifanya hivyo kwa huruma tu. Huruma ilikuwepo, ila nilimjua: nusu ya ukarimu ule ulikuwa ni kumkomoa Mama Issa.

Basi wakalala chumbani kwangu. Zaituni alilala nami kitandani, akinipiga mateke, akisema maneno ya Kimakua ndotoni. Mchana alikuwa kivuli changu. Mama yake alilala kwenye mkeka karibu na mlango, viatu vyake vya plastiki vimewekwa tayari, ncha zinatazama nje. Kwa wiki ya kwanza alifanya kazi zote kabla hatujaamka, mpaka bibi akamgombeza. "Umekuja kukaa au umekuja kunifukuza jikoni kwangu?" Atija akacheka kwa mara ya kwanza, akiziba mdomo kwa kiganja. Siku za mwisho wa wiki ya pili gunia likaisha, na jioni ile tulikunywa uji mwepesi unaoonyesha chini ya bakuli. Bibi hakutania. Atija akamtazama mwanawe akilamba kidole, kisha akamtazama bibi. "Huku kwenu kuna ndiga nyingi. Mbona hamli?"

Bibi aliweka bakuli chini. Ndiga ni kiazi cha porini, mmea wake unaparamia miti, kinavutia kwa macho na kina sumu. Wazee wa zamani walikila wakati wa njaa, lakini walioijua kazi yake walikuwa wamekufa, na kilichobaki kwetu ni hofu na hadithi za watu waliokula wakalewa na kufa. Atija aliijua kazi. Alitupeleka porini, akachimba, akamenya, akakata vipande vyembamba kama ukucha, akavijaza kwenye vikapu, akavifunga kwa kamba na kuvizamisha kijitoni mahali maji yanapopita. Siku ya tatu alitoa kipande, akakitafuna, akasubiri, mkono ameuweka kooni. Kisha akatikisa kichwa. "Bado. Kinawasha." Siku ya nne akatafuna tena, akatabasamu. Alikula yeye wa kwanza, akakaa tangu asubuhi mpaka jua la mchana tukimtazama kama mgonjwa, ndipo akatupa sisi. Ilikuwa haina ladha yoyote. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Habari hazikukaa siku mbili. Wanawake waliokuwa wamefunga milango walianza kupita barazani kwetu kusalimia, salamu ndefu, mpaka bibi anawauliza, "Mmekuja kwa ndiga au kwa afya yangu?" Atija aliwafundisha wote, hata Mama Issa, bila kusema neno juu ya ile siku ya kwanza. Kijito kilijaa vikapu. Jioni vicheko vilirudi, watu wakarudi kula nje, na wanaume waliosema mgeni ni mzigo wakaanza kusema mgeni wetu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake mkuu, na nilijiona. Nilitembea kijijini nikirekebisha visu vya wakubwa zangu. "Vyembamba zaidi, mama, utaua watu," nilikuwa nasema, mkono kiunoni. Jambo moja Atija aliniambia mara nyingi, tukiwa tumesimama majini: "Usihesabu jua, mwanangu. Hesabu maji. Maji yakipungua, siku zinaongezeka." Nilimjibu ndiyo, ndiyo, kwa namna msichana wa miaka kumi na minane anavyojibu.

Mwezi wa mfungo ukaingia, na kijito kikaanza kuwa chembamba. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Chitanda, mtu mwenye haki lakini mwepesi wa kuyumbishwa na kelele, alimwambia Atija kwamba akitaka kukaa moja kwa moja aende mjini Nachingwea aandikishwe, akirudi na karatasi wazee watakaa Ijumaa wampe sehemu ya kulima. Kwa Atija hiyo ndiyo ilikuwa dunia nzima. Alikuwa ameshapaona mahali penyewe, kando ya mikorosho ya zamani, na alikuwa amemwonyesha Zaituni mlango utakuwa wapi. Akaondoka siku moja alfajiri na kuniachia mtoto na vikapu. "Usivitoe mpaka nirudi," alisema. Nikaitikia.

Asubuhi ileile likaja neno kutoka Marambo kwamba shangazi wa mchumba wangu atapita kwetu, na atafuturu hapahapa. Shangazi huyu ndiye aliyekuwa amesema kwamba sisi wa Naipingo tunakula mizizi. Nilichanganyikiwa. Ndani hamkuwa na kitu ila kisamvu na ufuta mchache ambao bibi alikuwa ameuficha kwa ajili ya Idi. Nikahesabu siku za vikapu: siku nne. Nilihesabu jua. Kijito kilikuwa kimebaki cha kuvuka kwa hatua moja, maji yanakwenda kama yanasinzia, na nililiona hilo kwa macho yangu. Ningeweza kutafuna kipande nijue, lakini nilikuwa nimefunga, na nilikuwa naona fahari kwamba tangu mwezi uandame sijala hata siku moja. Atija mwenyewe au mwanamke yeyote aliye kwenye siku zake ndiye aliyekuwa akituonjea. Sikumtafuta yeyote. Nilitoa vikapu, nikachemsha, nikaunga kwa ule ufuta wote, harufu ikajaa uani. Bibi aliniuliza, "Mama Zaituni kasema tayari?" Nikasema, "Siku zimetimia, bibi." Hakuuliza tena.

Kwetu mfungo una adabu yake: kabla jua halijazama, sahani ya kwanza inakwenda kwa jirani. Huwezi kufungua kinywa chako wakati jirani hajapata. Hata mwaka wa milango iliyofungwa, mwezi ulipoandama adabu hiyo ilirudi, na nilijivunia kuitimiza na sahani yenye ufuta. Mama Issa aliipokea kwa mikono miwili. Alisema, "Somoe, Marambo wamepata mke." Yeye mwenyewe tumbo lilikuwa linamsumbua, akala uji tu. Mumewe na Issa, mtoto wa miaka minane, ndio waliokula. Shangazi wa mchumba hakutokea. Sisi tulikuwa tumekaa mkekani, adhana imeshatoka kitambo, tumekunywa maji tu tukimngoja, nimekata tonge la kwanza, ndipo Atija akaingia uani na vumbi la njia nzima, ameshika karatasi yake kifuani. Alikuwa anacheka. Akachukua kipande sahanini akiwa bado amesimama, akatafuna, uso ukabadilika. Akatema. Akapiga mkono wangu tonge likaanguka. "Imetoka leo? Nani kaonja?" Alibeba sufuria nzima akaimwaga shimoni nyuma ya jiko, na alikuwa bado ameinama pale tuliposikia kilio cha Mama Issa kupitia fito.

Baba Issa alikuwa anatapika na kucheka hovyo, mtoto miguu imemlegea, macho yanazunguka. Walipakiwa kwenye baiskeli mbili mpaka hospitali ya mjini, mtoto amefungwa kwa kanga mgongoni mwa mjomba wake. Sitaki kulisogeza mbele hili: walipona wote wawili, baada ya siku kadhaa, na Issa leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Lakini asubuhi ya pili hatukuwa tunajua hivyo, na kijiji kilichokuwa kinasema mgeni wetu kilikuwa kimekusanyika uani kwa Mzee Chitanda kikisema yule mwanamke. Maneno yalikuwa tayari yamepikwa. Kwamba sumu aliileta yeye. Kwamba chakula kilekile jirani kala, na nyumba yake mwenyewe kakimwaga shimoni, na shimo lipo, nendeni mkaone. Mwanamke mmoja ambaye Atija alimfundisha kukata ndiga wiki tatu kabla alisimama akasema, "Mimi tangu mwanzo sikumwelewa." Nilimtazama nikamchukia sana. Ilikuwa rahisi kumchukia yeye.

Mzee Chitanda aliwanyamazisha, akauliza swali moja la haki, na nakiri kwamba hakuna aliyeuliza vizuri kuliko yeye. "Tuacheni uchawi. Nani kaitoa ndiga majini?" Nilikuwa nimekaa karibu na bibi. Nilitazama mkeka. Nilimfikiria mchumba wangu, na shangazi yake, na watu wa Marambo wakisema yule msichana aliyeua mtoto, maana tulidhani Issa atakufa. Nilisema moyoni, nitasema sasa hivi, ngoja wanyamaze kidogo. Walikuwa wameshanyamaza. Bibi akakohoa. "Balozi," alianza. Atija akamkata kauli. Mgeni kumkata bibi wa watu mbele ya wazee! "Mimi," alisema. "Nimetoa mimi, alfajiri, kabla sijakwenda mjini. Nimekosea siku. Njiani nikakumbuka, nikarudi mbio. Jirani alikuwa ameshakula." Alisema bila kuchagua maneno. Nadhani alikuwa ameyachagua usiku kucha.

Hawakumpiga. Naandika hivyo kwa sababu wazee wetu wengine husimulia jambo hili kama wema wao. Walimpa mpaka adhuhuri aondoke, na Mzee Chitanda akamrudishia karatasi yake akiwa hamtazami usoni. Atija alikuwa amesikia mjini kwamba kuna Wamakua upande wa Nanganga. Bibi alimpa chungu na kanga yake nzuri. Mimi nilijificha jikoni, upande uliokandikwa. Atija akanifuata huko. Nilitarajia anitukane, na nilitamani anitukane. Alinifuta machozi kwa ncha ya ile kanga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maji yakipungua, siku zinaongezeka. Usisahau, mwanangu, watu watakula kutoka mkononi mwako." Kisha akamshika Zaituni mkono wakaenda.

Tuliendelea kula ndiga mpaka mvua. Kijiji kizima kilikula, kwa namna aliyotufundisha, na hakuna aliyemtaja. Niliolewa Marambo mwaka uliofuata, ngoma ikalia siku mbili. Bibi alikuja, alicheza, alinibariki. Lakini tangu adhuhuri ile hakuniita tena mke mwenzangu, aliniita Somoe tu, mpaka alipokufa. Nikifikiria mwaka ule, naona aibu kusema kwamba naukumbuka kwa mapenzi. Nakumbuka mateke ya Zaituni kitandani, harufu ya vikapu vilivyolowa, wanawake wamesimama majini wanasengenyana. Sijapata tena nyumba iliyojaa vile.

Nanganga nilikuta msiba mkubwa. Atija alikuwa amezeeka huko akiwa mtu wa kuheshimiwa, mwenye mikorosho na wajukuu, na wanawake walijaa vyumba vyote. Zaituni nilimtambua kwa kicheko, maana hata kwenye msiba wa mama yake alikuwa anawachekesha watu. Alinikumbatia, akanipa chai, akanilazimisha wali. Nilingoja mpaka wageni walipopungua baada ya alasiri, tukabaki wawili chumbani kwa marehemu, yeye anakunja nguo za mama yake na mimi nampokea. Nikasema, "Zaituni, ile ndiga niliitoa mimi. Mama yako hakuigusa."

Hakuacha kukunja. "Najua, dada. Si tulikwenda wote kijitoni? Mimi nilikuwa nakubebea kamba."

Aliweka kanga juu ya kanga, akazisawazisha kwa kiganja. "Tulipofika njiani, nyumba za Naipingo hazionekani tena, nikamwuliza mama mbona amesema uongo, na ni mfungo. Nikamwambia kaitoa dada Somoe, nimemwona. Mama akatua chungu. Akanizaba kibao nikaanguka. Hajawahi kunipiga kabla ya siku ile wala baada yake, mpaka juzi tunamzika. Akaniambia nikilitamka tena jambo hilo, hata nikiwa naye peke yangu, yeye si mama yangu. Sijalitamka mpaka leo umelitamka wewe."

Akanigeukia. Macho yalikuwa yamejaa, na bado alikuwa anataka kucheka.

"Kile kibao kilikuwa chako, dada."

Nikamsogezea shavu. Akaweka kiganja chake juu yake, taratibu, akakiacha pale.